Hodi kwa Bibi Harusi

Mashine kubwa ya kufulia katika hospitali ile iliitwa Bibi Harusi. Waliompa jina hilo walikwishastaafu, lakini sababu yake ilionekana na kila mwenye macho: akianza kazi, povu jeupe lilipanda mpaka kwenye kioo cha mlango kama shela, na hakuwa mtu wa kuingiliwa bila hodi.

Tumbo lake lilikuwa pipa la chuma lenye matundu, pana kiasi cha mtu mzima kuingia na kuinama mle ndani kama aliyejificha chini ya meza. Na wanawake wa kufulia, kuingia waliingia kweli. Mashuka ya wodi zote yakishazungushwa yalijisokota yakawa kamba moja nene, yakajibana huko nyuma kabisa, na hapakuwa na mkono wala fimbo ya kuyafikia. Basi mmoja wao, tena mwembamba, huvua aproni, hukunja mikono ya nguo, hujipenyeza ndani na kuyavuta.

Kabla ya kuingia, sharti agonge. Palikuwa na mwiko mkubwa wa mti, ule wa kukorogea sabuni, na huo ndio uliogongeshwa kwenye ukuta ulio nyuma ya mashine: ko, ko, ko. Mara tatu. Kisha mtu anaingia. Hakuna aliyethubutu kuingia bila kugonga, hata yule mwenye haraka kuliko wote, na huyo alikuwa Kiberiti.

Kiberiti walimwita hivyo kwa sababu ya wembamba wake na kwa sababu alikuwa hakawii kuwaka. Ndiye aliyekuwa mwingiaji wa Bibi Harusi tangu angali msichana. Na ndiye aliyemtafutia kazi wifi yake, mjane wa kaka yake, mwanamke ambaye habari hii ni yake.

Huyo mjane, hata wiki yake ya kwanza haijaisha, walikwisha mwita Mama Kwanini.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ubishi hakuujua, na sauti yake ilikuwa ya kuombea maji. Ila tangu utoto alikuwa na ugonjwa mmoja: kitu asichojua sababu yake kilimtisha. Wenzake walipotumwa kisimani walichota wakaondoka. Yeye alitupa kwanza kijiwe, akasikiliza kitaangukia wapi. Shuleni, mwalimu alipowafundisha kugawanya sehemu, alisema, "Geuza ya pili, juu iwe chini, halafu zidisha." Darasa zima likageuza. Yeye akanyoosha kidole.

"Mwalimu, tunaigeuza kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Watoto walicheka mpaka wakalala kwenye madawati. Akakaa. Lakini kila alipofika kwenye hesabu ile mkono wake ulisimama juu ya karatasi kama punda aliyefika kwenye daraja bovu. Hakuwa mkaidi, aliogopa. Aliona kama anaambiwa aruke huku amefumba macho. Wakati wengine walipopata alama zote, yeye alipata yai, na darasa la saba likawa mwisho wa safari yake ya shule.

Watu hudhani mwenye kuuliza sana ni mtu jasiri. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini Mungu ameumba na wengine ambao huuliza kwa sababu roho zao hazitulii, na Mama Kwanini alikuwa wa kundi hilo. Alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa na macho.

Sasa basi, Bibi Harusi mwenyewe hakuwa na kitufe cha kuwashia. Alikuwa nacho zamani kikafa. Aliwashwa na kuzimwa kwa swichi kubwa iliyokuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba cha umeme, yenye mkono wa chuma mrefu kama mpini wa jembe. Huko alikaa mtu wa swichi. Wanawake wa kufulia walikuwa na kengele ya kubonyeza: ikilia mara moja, yule mtu anapandisha mkono wa swichi na mashine inazunguka, ikilia mara mbili, anaushusha na mashine inasimama. Hawakuonana naye. Kutoka kufulia hadi chumba cha umeme ilibidi uzunguke jengo zima, upite nyuma ya jiko na mapipa ya taka, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua.

Na kulikuwa na hili pia: mlango wa Bibi Harusi ulitakiwa, ukiwa wazi, umkatalie kuzunguka. Kifungio chake kilivunjika, fundi akafunga waya, wakasahau. Akiwa wazi au akiwa amefungwa, alizunguka tu.

Mama Kwanini asingejali sana mambo hayo kama Kiberiti asingeanza kuumwa mgongo. Daktari alisema asiiname tena. Msimamizi akakata shauri: kuanzia wiki ijayo Kiberiti atakunja mashuka makavu, na atakayeingia kwa Bibi Harusi ni wifi yake, maana wengine wote walikuwa wamejaliwa miili.

"Mimi nikiingia humo," alisema mnene kuliko wote, ambaye walimwita Godoro, "mtanitoa pamoja na mlango."

Walicheka. Mama Kwanini hakucheka. Alitazama lile tumbo la chuma, lile giza lake lenye matundu.

"Wifi," akamuuliza Kiberiti, "huwa tunagonga kwa nini?"

"Hodi hiyo."

"Hodi kwa nani?"

"Kwa mwenye nyumba! Loo! Utaingia kwa watu kimyakimya kama mwizi?"

Akamgeukia Godoro. Godoro alisema ni kufukuza panya, wasije wakakurukia. Mwingine alisema ni kutuliza maji yaliyobaki kwenye mabomba. Dada aliyekuwa akipanga foronya alisema kwa sauti ya chini kwamba alisikia kuna mtu aliwahi kufa hospitalini hapo, na kugonga ni kumwomba radhi. Kila mtu alikuwa na lake, na hakuna lililofanana na la mwenzake. Hapo ndipo Mama Kwanini alipoanza kuogopa sawasawa. Jambo ambalo kila mtu analifanya, na kila mtu ana sababu yake, maana yake hakuna anayeijua.

"Gonga, ingia, vuta, toka," alisema Kiberiti. "Ukijua sababu, mashuka yatatoka yamekunjwa?"

Siku ya mapumziko, baada ya ibada, Mama Kwanini alikwenda kumwamkia Mama Sabuni. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kufulia kabla hajastaafu, na sasa aliishi chumba kimoja ghorofani kwa mwanawe. Alimkuta kitandani akishona foronya iliyochanika, miwani imemshuka mpaka ncha ya pua.

"Shikamoo, mama."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Masikio yangu nilimwachia Bibi Harusi."

"Nasema shikamoo!"

"Marahaba. Usinipigie kelele sasa, majirani watadhani tunagombana."

Walizungumza habari za magoti, za wajukuu, za bei ya sabuni. Mama Kwanini akaona haya kuuliza. Aliuliza akiwa amekwisha simama kuaga.

"Mama, ile hodi ya mara tatu. Tunagonga kwa nini?"

Mama Sabuni alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni.

"Kwani hajibu?"

"Nani?"

"Huyo mnayemgongea."

Mama Kwanini alikaa tena.

"Sikiliza," alisema yule mama akiweka sindano pembeni. "Umeme ukiwapo mna kengele. Mnailiza mara mbili, mtu wa swichi anashusha mkono, yamekwisha. Je, umeme ukikatika? Kengele nayo si imekufa? Bibi Harusi amesimama, ndiyo, lakini mkono wa swichi bado uko juu kule. Umeme ukirudi, anazunguka na aliye ndani. Ndiyo maana tuligonga. Kati yetu na mtu wa swichi kulikuwa na bati tu, hata akikohoa unamsikia. Tunagonga mara tatu, anashusha mkono, naye anatujibu mara tatu. Hapo ndipo mtu anaingia."

"Na asipojibu?"

"Haingii mtu. Siku moja alikwenda chooni, tumbo limemharibika. Tulikaa tukapiga soga mpaka msimamizi akaja kutufokea. Na hatukuingia."

Mama Kwanini alisogea karibu na kitanda.

"Mama, siku hizi hapana bati. Pana ukuta wa matofali."

"Tangu lini?"

"Mimi nimeukuta."

"Na anajibuje?"

"Hajibu. Tunagonga, tunaingia."

Yule mama alivua miwani. Midomo yake ilicheza bila sauti, na Mama Kwanini akajua anasali.

"Mtu wa swichi ni yule yule mzee mwenye kibyongo?"

"Alistaafu juzi juzi. Walimfanyia chai."

"Yule alikuwa na mazoea. Umeme ukikatika tu anashusha mkono, agongewe asigongewe. Ndiye aliyewalinda miaka yote, Mungu amlipe, pengine hata mwenyewe hajui." Akamshika mkono. "Huyu mpya ameambiwa?"

Jioni hiyo, wakichambua mchele mlangoni kabla jua halijazama, Mama Kwanini alimweleza wifi yake yote. Watoto wawili wa Kiberiti walikuwa wakirukaruka mbele yao. Kiberiti alisikiliza, akapuliza makapi.

"Mama Sabuni amezeeka, wifi. Mimi nimeingia humo nina mimba ya huyu, nikaingia nina mimba ya yule. Umeme umeniwakia mara ngapi?"

"Kwa sababu ya yule mzee."

"Au kwa sababu ya Mungu."

"Mungu ndiye aliyemweka yule mzee. Sasa ameondoka." Akaweka ungo chini. "Wifi yangu, nakuomba. Kesho mimi nitapitia kwanza chumba cha umeme nikamuulize huyo mpya. Hata nikichelewa, usije ukaingia badala yangu mpaka nirudi."

"Haya."

"Sema wallahi."

"Haya, nimesema! Hebu ona, umeacha mawe kwenye mchele kwa ajili ya maneno."

Aliitikia kama mtu anavyomwitikia mtoto anayeogopa kivuli. Mama Kwanini alilijua hilo, na usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu.

Asubuhi aliachana na Kiberiti kwenye lango la nyuma. Kiberiti alikwenda kufulia, yeye akalizunguka jengo. Alipita nyuma ya jiko, akapita mapipa ya taka, akafika kwenye mlango wa chuma wenye picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Alisimama pale kitambo. Miguu ilimwambia arudi. Kama angekuwa na mtu wa kumtuma, angemtuma. Akabisha.

Aliyefungua alikuwa mwanamume bado kijana, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni.

"Mama, huku haruhusiwi mtu."

"Najua, baba. Nina swali tu."

"Swali gani?"

Nyuma yake Mama Kwanini aliona swichi nyingi za kijivu zikiunguruma, na moja kubwa, mkono wake mrefu umeelekea dari. Juu yake mtu aliandika kwa rangi: KUFULIA. Upande huo ndio uliokuwa na ule ukuta wa matofali. Basi Bibi Harusi alikuwa nyuma ya ukuta ule, hatua chache, na sauti yake ilikuwa kama nyuki walio mbali.

"Ile kengele yetu ikilia mara moja unafanya nini?"

"Napandisha."

"Ikilia mara mbili?"

"Nashusha. Mama, wewe ni mkaguzi?" Alitabasamu.

"Na umeme ukikatika?"

"Ukikatika, umekatika."

"Mkono wa swichi unaufanyaje?"

"Siufanyi chochote. Nimeelekezwa hivi: bila kengele usiguse. Ukirudi umeme, kila kitu kinaendelea pale kilipoachia. Ndiyo raha yake."

"Hukuuliza kama kuna mtu..."

Hakumaliza. Feni iliyokuwa juu ya kichwa cha yule kijana ilianza kuchoka. Ilizunguka polepole, ikasimama. Taa ilikwisha zimika. Mngurumo wote ukafa, na wale nyuki wa nyuma ya ukuta wakanyamaza.

"Si unaona?" alisema mtu wa swichi. "Ndiyo kama hivi."

Mama Kwanini alitazama mkono wa swichi. Ulikuwa juu.

Alimjua wifi yake. Kwa Kiberiti, umeme kukatika kulikuwa nafasi ya dhahabu: Bibi Harusi amelala, tumvue mashuka upesi. Alimwona kama yuko mbele yake, anavua aproni, anakunja mikono. Jana aliitikia, ndiyo. Lakini Kiberiti huyo!

"Ushushe," alisema.

"Nini?"

"Mkono huo. Ushushe, mwanangu, ushushe sasa hivi."

"Mama, siwezi. Kengele haijalia. Nina wiki moja tu hapa, nikigusa nisichoambiwa..."

"Kengele haiwezi kulia, hakuna umeme!"

"Basi ngoja nimpigie mkubwa wangu." Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni. Ikaita. Ikaita. Haikupokewa.

Akimbie? Azunguke mapipa na jiko, na magoti haya? Umeme ungerudi yuko njiani. Auvute yeye? Hakujua ukivutwa unauma au unaua. Mkono wake uliinuka ukaganda hewani, kama ulivyoganda juu ya karatasi ya hesabu. Alimwita Mungu bila maneno. Kisha, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, aliweka kiganja chake ukutani.

Matofali yalikuwa baridi. Halafu akausikia. Wala hakuusikia kwa sikio, aliusikia kwa ngozi: mtikisiko mdogo, kama mshipa wa mtoto aliyelala. Mmoja. Wa pili. Wa tatu.

"Njoo," alisema. "Weka sikio hapa."

"Kuna nini?"

"Njoo usikilize mwenyewe."

Yule kijana angeweza kukataa. Lakini alikuwa na uso wa mtu ambaye, licha ya kalamu na shati lake, alishawahi kuwa mtoto. Aliegemeza sikio kwenye tofali, simu bado mkononi. Upande wa pili Godoro, kama tulivyokuja kuambiwa, alikuwa hajaridhika na hodi ya kwanza, akarudia.

Macho ya kijana yalifunguka.

"Kuna mtu anagonga."

"Ndiyo."

"Anataka nini?"

"Anakuuliza kama aingie. Na hasubiri umjibu."

"Aingie wapi?"

"Ndani ya mashine, mwanangu. Ndani ya tumbo lake. Ni wifi yangu."

Damu ilimwondoka usoni mpaka midomo ikawa ya kijivu. Aliangusha simu. Alishika mkono wa swichi kwa mikono miwili akauvuta, ukagoma, akaning'inia nao kwa uzito wake wote, ukashuka kwa kishindo kilichowafanya wote wawili wapige ukelele.

Wakabaki wanahema. Na bado hawajapata pumzi vizuri, taa iliwaka. Feni ikaanza kuzunguka. Swichi zote za kijivu zikaanza kuunguruma, isipokuwa moja.

"Ee Mola," alisema mtu wa swichi. Alikuwa bado ameushikilia ule mkono, anausukuma chini, kama mtu aliyemkanyaga nyoka kichwani akaogopa kuinua mguu.

Mama Kwanini aliokota spana iliyokuwa mezani. Hakujua afanye nini zaidi ya lile aliloambiwa. Aligonga ukuta kwa nguvu zake zote: ko, ko, ko.

Upande wa pili palitoka yowe.

Alipolizunguka jengo na kufika, akitembea na kukimbia kwa zamu, aliwakuta wote wamemwagika uani. Godoro alikuwa amekaa chini juu ya fungu la mashuka machafu, mkono kifuani. Dada wa foronya alikuwa akisali kwa sauti. Kiberiti alisimama katikati, amelowa, kiatu kimoja mguuni na kimoja hakionekani, shuka limemning'inia begani.

"Bibi Harusi amejibu!" alipiga kelele alipomwona. "Wifi, amejibu! Niko ndani, nasikia hodi zinarudi! Nimetoka humo sijui nimetokaje!"

"Alitoka kama sabuni," alisema Godoro. "Amenipita juu ya kichwa."

"Nilikwambia usiingie."

"Niliona unachelewa..."

"Wifi, nilikwambia usiingie!" Hapo Mama Kwanini alishikwa na kilio, akamkamata mabega akamtikisa, akamkumbatia, akamtikisa tena. Wenzake hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. Kisha akawaeleza. Aliwaeleza kwa vipande, habari ya bati, ya yule mzee, ya mkono wa swichi, ya taa zilizowaka Kiberiti akiwa bado ndani.

Kiberiti hakuamini. Au aliamini, ila mwili wake ulikataa. "Mimi nataka kuona," alisema. "Semeni tu mnavyosema. Nataka kuona."

Hakuna aliyependa. Lakini waliingia, wakasimama mbali, migongo ukutani. Mlango wa Bibi Harusi ulikuwa wazi kama Kiberiti alivyouacha. Mama Kwanini alibonyeza kengele mara moja.

Bibi Harusi alianza pale pale. Hakuguna, hakujinyoosha. Pipa lilizunguka, na ile kamba ya mashuka iliyobaki ikainuka ikaanza kuchapa kuta za ndani. Katikati yake kulikuwa na kitu kidogo cheusi, kinapanda, kinaanguka, kinapanda, kinaanguka. Kiatu cha Kiberiti. Kila kilipoanguka kilipiga chuma, na kila kilipopiga chuma Kiberiti alishtuka kama amepigwa yeye. Kisha kamba ya mashuka ikakishika, ikakizungushia, ikakibana, na kiatu hakikusikika tena.

Kengele ililia mara mbili. Godoro ndiye aliyeibonyeza.

Kiberiti aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni. Alikuwa akiitazama miguu yake, mmoja wenye kiatu na mmoja usio nacho. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ambayo si yake, "Nimeingia humo na watoto tumboni."

Msimamizi alikuja, akasikia, akaziba mdomo kwa mkono. Alisema fundi ataitwa leo hii, kifungio cha mlango kitengenezwe, na ukuta utobolewe dirisha. Alikuwa mtu mwema na alisema kweli, dirisha lile lilikuja kutobolewa. Lakini wodi zilikuwa zinangoja. Upande wa akina mama waliojifungua mashuka yalikwisha kabisa, na yaliyohitajika yalikuwa humo ndani, yamebana nyuma kabisa.

Kiberiti alijaribu kuinuka, miguu ikakataa.

"Kaa," alisema Mama Kwanini. Alianza kufungua aproni. Fundo likamshinda, ikabidi dada wa foronya amsaidie.

"Si lazima iwe wewe," alisema Godoro. "Subiri fundi."

"Wale watoto wachanga wamelazwa juu ya nini?"

Waliwapanga watu. Mmoja alisimama mlangoni kwa mtu wa swichi, mmoja kwenye mapipa ya taka, mmoja nyuma ya jiko, mmoja kwenye mlango wa kufulia, na Godoro mbele ya Bibi Harusi. Neno lilipita kutoka kinywa hadi kinywa kulizunguka jengo, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Mpishi alitoka jikoni kuuliza kuna nini, akapewa na yeye neno la kupitisha.

Mama Kwanini aligonga mara tatu. Akasubiri. Jibu likaja kutoka ukutani, spana juu ya tofali. Lilimshtua hata hivyo. Akasema bismillahi yake, akainama, akaingia.

Ndani kulinuka dawa na chuma kilicholowa. Mwanga ulipita kwenye matundu kama sindano. Alipoweka goti pipa lilicheza kidogo chini yake, kama kitanda cha kamba. Akasimamisha kila kitu.

"Mkono uko wapi?" aliuliza.

"Mkono uko wapi?" alisema Godoro kuelekea nje, na swali likaondoka, likapita mlangoni, likapita jikoni, likapita mapipani, likizidi kuwa dogo. Kisha jibu likasikika linarudi.

"Uko chini. Ameushika."

Alivuta shuka la kwanza. Likatoka. La pili likagoma.

"Ameushika kwa mikono miwili?"

Swali likaenda. Mtu huko nje alicheka, akanyamazishwa. Jibu likarudi: kwa mikono miwili, na sasa ameukalia.

"Na huyo anayesema ameushika, anamwona kwa macho au ameambiwa?"

"Mama Kwanini!" alisema Godoro.

"Muulize."

Kiberiti, pale sakafuni, aliinua kichwa. "Muulizeni," alisema. "Si mmesikia? Muulizeni."

Swali likaenda. Mama Kwanini alisubiri gizani, shuka lililolowa mkononi, jasho likimchuruzika machoni. Hakuvuta mpaka jibu liliporudi. Alivuta mara moja. Kisha akauliza tena.